Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea hata chembe waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mpenzi msomaji, methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la nne, na nimeitumia katika insha nyingi bila kuifikiria sana. Mwaka huu nimeiona kwa macho yangu mawili juu ya meza ya maabara yetu ya Fizikia, ikitendwa na vidole vitano vya kadibodi visivyo na damu wala mifupa. Ndiyo maana nimeshika kalamu ili niwaeleze wenzangu na walimu wangu jinsi mota tano ndogo zinavyoongozwa na kompyuta moja ndogo, na kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi nyumbani kwetu Kawangware kuliko hapa shuleni.

Najua mwenzangu utashangaa, "Ala! Jarida la Kiswahili na habari za mota, wapi na wapi?" Tulia kidogo. Habari hizi ni za lugha tangu mwanzo hadi mwisho.

Nina mdogo wangu wa miaka kumi na mmoja. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini ugonjwa ule ulimwacha kiziwi. Siku hizi anasoma katika shule ya bweni ya viziwi nje ya Nairobi na huja nyumbani wakati wa likizo. Huko ameijua Lugha ya Ishara ya Kenya barabara. Akianza kusimulia jambo, mikono yake hukimbia kama mikono ya msusi. Lugha hiyo si mchezo wa kuigiza kama wengine wanavyodhani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali iikuze, na katika kifungu cha 120 lugha hiyo imewekwa bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge.

Bungeni sawa, lakini nyumbani kwetu mambo yalikuwa mengine. Mama anajua ishara za kutosha kumwuliza mtoto kama ameshiba au anaumwa. Mimi nimejifunza alfabeti ya vidole na maneno kadhaa. Baba alikuwa hajui hata moja. Baba ni fundi wa mjengo. Hutoka saa kumi na moja alfajiri, akatembea kwa miguu hadi Lavington au Kileleshwa yanakojengwa maghorofa, na kurudi giza likishaingia. Mama akimwambia ajifunze, yeye hutandaza viganja vyake vilivyopasuka na kusema, "Mama watoto, mikono hii imekaushwa na simiti. Itaongea nini?" Basi akitaka kumwambia mdogo wangu jambo lolote, hunitazama mimi. "Mwambie ale." "Mwambie alale." Siku ambayo mimi sipo, wawili hao hawaongei.

Klabu yetu ya Sayansi ilipotafuta mradi wa kupeleka kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yale yaliyokuwa zamani yakiitwa Kongamano la Sayansi, mimi nilipendekeza tutengeneze mkono unaokunja na kukunjua vidole ili kuonyesha herufi za alfabeti ya viziwi. Wenzangu walikubali. Mwalimu wetu wa Fizikia akauliza swali moja tu: "Vidole vitano ni mota tano. Mtaziongoza vipi zote kwa pamoja?" Sote tukatazamana. Swali hilo ndilo insha hii.

Kwanza nieleze mota yenyewe. Mota ya kawaida, kama ile ya feni, ukiipa umeme inazunguka tu mpaka uikatie. Haijui iko wapi wala inakwenda wapi. Mota ya servo ni mtiifu zaidi. Unaiambia, "Nenda pembe ya digrii 90 ukae hapo," nayo huenda ikakaa. Ndani ya kijumba chake mna mota ndogo, gia za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na kifaa kinachofanana na kile cha kuongezea sauti ya redio. Kifaa hicho huzunguka pamoja na mhimili na kuujulisha ubongo wake mdogo kwamba sasa tumefika digrii kadha. Ukiusukuma mkono wake kwa nguvu, wenyewe hurudi ulipoamriwa.

Servo tulizotumia zinaitwa SG90. Moja ina uzito wa gramu 9 na mhimili wake huzunguka kiasi cha digrii 180. Ina nyaya tatu: wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, na wa rangi ya chungwa ndio wa amri. Amri hupita kwa mipigo ya umeme, mara 50 kila sekunde, yaani mpigo mmoja kila milisekunde 20. Mpigo ukidumu karibu milisekunde 1, mhimili huenda upande mmoja. Ukidumu 1.5, hukaa katikati. Ukidumu 2, huenda upande wa pili. Kwa hiyo servo haisikilizi ukubwa wa sauti, husikiliza urefu wake. Ni kama tofauti ya kufa na kufaa!

Jumamosi moja tulipanda matatu namba 46, wawili wetu, tukateremka Kencom na kuvuka hadi Luthuli Avenue. Barabara hiyo imepewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, lakini amani ya masikio huipati pale. Kila duka lina spika na kila spika ina wimbo wake. Tuliingia katika duka moja dogo la vipuri ambapo muuzaji alikuwa akiunganisha nyaya kwa risasi.

"Sasa vijana, mnatafuta spika?"

"La, ndugu yangu, tunatafuta servo."

"Servo za nini? Za gari la kuchezea ama mlango?"

"Za kuongea," mwenzangu akajibu.

Yule bwana alicheka mpaka akaweka chini chombo chake. Tulipomweleza, alitikisa kichwa na kusema, "Basi chukueni sita. Gia za hizi ni plastiki, moja ikivunjika mko na spea." Kila moja ilikuwa shilingi 300. Sehemu yangu ya pesa ilitoka katika kuchota maji mjengoni wakati wa likizo ya Desemba, palepale alipokuwa akifanya kazi Baba.

Mkono tuliuunda kwa kadibodi ya katoni. Viungo vya vidole vilikuwa vipande vya mirija ya soda. Ndani ya mirija tulipitisha mshipi wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye servo. Servo ikivuta, kidole hujikunja. Ikiachia, mpira wa kufungia pesa ulioko mgongoni hukirudisha. Gumba nalo lilipewa servo yake.

Kompyuta ndogo iliyotoa amri ni Arduino Uno, ambayo klabu ilikuwa nayo tayari. Arduino ilianzia katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ili wanafunzi wasiokuwa wahandisi nao waweze kuunda vitu vyao. Katikati ya bodi hiyo mna maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32 tu, hivi kwamba picha moja ya simu haitoshei humo. Hata hivyo, kwa kukunja vidole, hiyo ni akili tele.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye kiini. Mwalimu alituamuru tuunganishe servo zote tano moja kwa moja kwenye Arduino, na Arduino ilishwe umeme na kompyuta ya maabara kwa waya wa USB. "Leo hatutafuti kufaulu," akasema. "Leo tunataka kuona umeme unavyofanya." Tukaanza na ngumi, kisha tukaomba herufi I, ambayo ni kidole cha mwisho peke yake kusimama. Kikasimama! Tukapiga makofi. Tukarudi kwenye ngumi na kuomba L, yaani gumba na kidole cha shahada. Vikatoka, ingawa kwa kutetemeka. Ndipo nikaomba neno nililokuwa nimelifikiria tangu mwanzo: BABA.

Msomaji, hebu inua mkono wako wa kulia tujaribu pamoja. Herufi B ni vidole vinne vimesimama wima, gumba limekunjwa juu ya kiganja. Herufi A ni vidole vinne vimekunjwa, gumba limesimama kando. Umeona? Kutoka B kwenda A kila kidole hubadili hali yake, vyote vitano, kwa wakati mmoja. Kisha vyote vitano vinarudi, kisha vyote vitano tena. Kwa mkono wetu neno hilo jepesi, ambalo mtoto mchanga hulitamka kabla ya mengine, lilikuwa kazi nzito kuliko herufi zote tulizojaribu.

Vidole vilifika nusu, vikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, taa ya Arduino ikazimika na kuwaka tena, na programu ikaanza upya. Tukarudia mara tatu, mara tatu ikawa vivyo hivyo. Mwalimu akachukua chaki. Servo moja ya aina ile, inapoanza kuvuta kwa nguvu au inapokwama, huweza kudai nusu ampea au zaidi. Tano zikianza pamoja ni ampea mbili na nusu. Mlango wa USB wa kompyuta ile hutoa nusu ampea. Ni kama kuwaalika watu watano walioshinda mjengoni kwenye sahani moja ya ugali. Volti inashuka, maikrokontrola inazimia kwa njaa, inaamka na kuanza kazi mwanzo. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa kadibodi usio na umeme hausemi.

Mwenzetu mmoja, msichana mwenye akili kama mchwa, alitoa wazo: "Si tuziambie zingoje zamu? Kidole kimoja baada ya kingine." Tukaandika programu hivyo. Naam, hakuna kilichozimika. Lakini tazama kilichotokea. Kutoka B, kidole cha mwisho kikajikunja kwanza, vikabaki vitatu vimesimama, na hiyo inafanana na W. Kikafuata cha pete, vikabaki viwili, na hiyo inafanana na U. Kikafuata cha kati, kikabaki cha shahada, kama D. Kikajikunja hicho nacho, tukapata ngumi kama S. Mwisho gumba likafunguka, ndipo A ikaja. Tuliomba herufi mbili, mkono ukatamka BWUDSA! Tulicheka, lakini tulikuwa tumejifunza. Vidole vikipishana zamu, mtazamaji husoma visivyokusudiwa. Lazima viende pamoja.

Kwa hiyo tulihitaji mambo mawili: umeme wa kutosha unaopita njia yake, na msimamizi wa kutoa amri kwa mota zote bila kumchosha mkuu. Tulirudi Luthuli tukanunua bodi ya draiva yenye chipu iitwayo PCA9685. Chipu hii ilibuniwa hasa kwa kuongoza taa ndogo za LED, lakini wapenzi wa roboti waligundua kuwa mipigo yake huzifaa servo. Bodi ina milango 16. Arduino huzungumza nayo kwa nyaya mbili tu za habari, mmoja wa ujumbe na mwingine wa kuhesabia mapigo. Hutuma ujumbe kama, "Mlango wa 3, mpigo wako uwe kadha," na baada ya hapo bodi hurudia mpigo huo mara 50 kila sekunde bila kuulizwa tena. Ni kama mwalimu mkuu anayempa kiranja kijikaratasi na kurudi ofisini.

Wapenzi wa Hisabati nao wapate chao. Bodi hugawanya zile milisekunde 20 katika vipande 4096, hivyo kipande kimoja ni kama maikrosekunde 4.9. Mpigo wa milisekunde 1 ni vipande 205, wa 1.5 ni 307, na wa 2 ni 410. Tulikaa alasiri mbili tukitafuta nambari za kila kidole, kwa maana vidole havilingani hata vikiwa vya kadibodi. Cha kati kilihitaji kufika 400 ndipo kijikunje vizuri, lakini gumba lilitosheka na 330. Na kama servo 16 hazikutoshi, kila bodi inaweza kupewa anwani yake kwenye nyaya zilezile mbili. Ya kwanza huitwa nambari 64, na bodi 62 zinaweza kukaa pamoja. Hizo ni servo 992!

Nisije nikapotosha mtu: Arduino Uno peke yake inaweza kutoa amri kwa servo hadi 12. Bodi haiumbi umeme. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba ina mlango tofauti wa chakula cha mota, mbali na chakula cha akili. Tuliulisha mlango huo kwa kisanduku cha umeme cha kompyuta kuukuu, ambacho upande wake wa volti 5 hutoa ampea nyingi kuliko tulizohitaji. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekiunganisha, na alitukataza kabisa kukifungua, kwani ndani yake mna umeme unaoweza kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Vilevile alisisitiza waya wa hasi wa kisanduku, wa bodi na wa Arduino uunganishwe pamoja. Mpigo hupimwa kutoka kwenye hasi, na watu wasiokubaliana chini ni wapi hawawezi kukubaliana juu ni wapi. Mwisho tuliweka kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye bodi. Sisi wa Kawangware tunaielewa haraka. Ni tangi la maji. Mfereji ukipungua ghafla, tangi hukusaidia kwa muda.

Tukaandika BABA. Vidole vinne juu. Vidole vinne chini. Juu. Chini. Havikutetemeka. Hakuna aliyepiga makofi safari hii, tulitazama tu.

Baada ya hapo tulijiuliza mkono wetu unaweza kusema mangapi. Kila kidole kina hali mbili, wazi au kufungwa, kwa hiyo vidole vitano vina maumbo 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani 32. Alfabeti ina herufi 26, hivyo ungedhani tumemaliza na chenji imebaki. La hasha! U na V zote ni vidole viwili vilivyosimama, ila katika V vimepanuka. J na Z huchorwa hewani, mkono mzima lazima usogee. Kwa hiyo zinahitajika mota za kupanua vidole na za kifundo cha mkono, na hapo ndipo ile milango 11 iliyobaki kwenye bodi inapopata kazi. Hatukuwa na pesa za kuijaza mwaka huu.

Wapo Wakenya waliotutangulia katika njia hii. Mhandisi Roy Allela aliunda glavu ziitwazo Sign-IO, ambazo vihisi vyake hupima jinsi kila kidole kinavyojikunja, na simu hutamka kwa sauti kile kilichoonyeshwa kwa ishara. Aliteuliwa miongoni mwa wawaniaji wa tuzo ya mwaka 2019 ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Glavu zake hutoka kwenye ishara kwenda kwenye sauti. Mkono wetu hutoka kwenye herufi kwenda kwenye ishara. Ni barabara ileile, ila sisi tunaikanyaga kutoka upande wa pili, tena kwa miguu mitupu.

Katika maonyesho ya kaunti ndogo tulishika nafasi ya nne, na safari yetu ikaishia hapo. Jaji mmoja alituuliza swali ambalo sikulisahau: "Karatasi yenye picha za alfabeti hii ni bei ya kikombe cha chai. Mkono wenu unaishinda kwa lipi?" Nilimjibu kwamba picha haionyeshi mwendo wa kutoka herufi moja kwenda nyingine. Akaandika kitu, akaenda. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa lote. Sehemu iliyobaki niliipata mwezi wa Aprili.

Mwalimu aliniruhusu niende na mkono nyumbani wakati wa likizo. Mdogo wangu aliutazama kwa dakika nyingi. Alisoma kila herufi, akanirekebishia gumba la B lililokuwa limekaa vibaya, kisha akaniambia kwa ishara na kwa kuandika: "Mkono huu unajua herufi, haujui lugha. Hauna uso." Ni kweli tupu. Katika lugha ya ishara nyusi huuliza swali, kichwa hukana, na neno moja zima huwa ishara moja, si rundo la herufi. Mkono wetu ni mtoto wa nasari anayesoma a, e, i, o, u. Niliandika maneno yake katika daftari la mradi, ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu.

Jioni Baba akarudi. Karatasi ya alfabeti imebandikwa ukutani kwetu miaka mitatu sasa, na sijamwona akiisogelea hata mara moja. Lakini Baba ni fundi, na fundi hapiti kitu kinachosogea bila kukikagua. Aliweka chini mfuko wake wa vyombo, akachutama mbele ya meza.

"Hii inavutwa na nini?"

"Mshipi, Baba. Kila kidole na mota yake."

"Na hizi zote zinajuaje kwenda pamoja?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alikaza uzi mmoja uliolegea, akasema kiungo cha gumba kingefaa kuwa cha bati. Kisha akaniambia, "Haya, rudia hilo neno." Nikarudia. Mkono ukafanya B, ukafanya A. Bila kuambiwa na mtu, Baba akainua mkono wake ili apime kama vidole vinalingana na vile vya kadibodi. Vidole vyake havikunyooka vizuri, maana ni kweli vimekaushwa na simiti. Mdogo wangu, aliyekuwa akitazama kando, alicheka, akaushika mkono ule mkubwa kwa mikono yake miwili na kulisukuma gumba mahali pake. B. Kisha A. Kisha tena.

Mama alipoleta chakula, Baba alinigeukia kama kawaida. "Mwambie..." Akanyamaza. Akaitazama mikono yake, akaniuliza, "Hebu, 'kula' inafanywaje?"

Lingekuwa jambo la uongo nikisema kwamba siku hizi wanaongea kama chiriku. Likizo ilipokwisha Baba alikuwa na ishara tisa, nami nilizihesabu. Lakini zilitoka kwake zikaenda kwa mwanawe bila kupitia kwangu. Karatasi ilimtaka awe mwanafunzi wa mtoto wake. Mkono ulimwita kama fundi, na kwa ufundi akaingia. Kama jaji yule atabahatika kusoma jarida hili, basi hiyo ndiyo sehemu ya pili ya jibu langu.

Wanafunzi wenzangu, hasa nyinyi mnaotufuata, nawasihi msiogope vifaa hivi. Kanuni zake tunazisoma darasani katika mada ya mkondo wa umeme. Ukitaka kuongoza mota nyingi, kumbuka mambo manne. Kila moja ipate amri yake peke yake. Zote zilishwe chakula cha kutosha kutoka njia yao wenyewe. Zote ziwe na hasi moja. Na zikitakiwa kusema neno, ziende pamoja. Tena, kama kuna mtu nyumbani au jirani anayezungumza kwa mikono, usingoje mpaka uwe na servo. Una vidole vitano ambavyo havihitaji kisanduku cha umeme, na jioni moja yatosha kujifunza jina lake.

Klabu ya Sayansi hukutana kila Ijumaa saa kumi alasiri katika maabara ya Fizikia. Tunahitaji watu wa kutusaidia na J na Z. Karibuni nyote.